Ngozi ao kitambaa: kiatu gani kinafaa kwa njia zetu za mvua, udongo na mawe?

Kila mwezi wa tisa, mvua ikianza kuregea upande wa Kivu, meza za viatu zinajaa watu. Iwe Birere na soko la Virunga mjini Goma, iwe Kadutu mjini Bukavu, wanunuzi wanainama juu ya balo zilizofunguliwa wakitafuta kitu kimoja: kiatu kigumu cha kutembea, kile kinachopanda mpaka juu ya kifundo cha mguu. Wengi wao si watalii. Ni walimu wanaofundisha mbali na barabara, wauguzi na watu wa chanjo, watu wa kilimo, wafanya biashara wanaofuata masoko ya vijijini, na wanafunzi wanaoregea kwao kwa miguu pale ambapo gari na moto haviwezi kupita.

Mbele ya meza swali ni lile lile: kuchukua cha ngozi ao cha kitambaa? Jibu la muuzaji mara nyingi linafuata kile alichobaki nacho kwenye meza. Lakini mwenye pesa kidogo hana nafasi ya kukosea mara mbili. Kiatu cha namna hiyo kinaweza kula sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi. Kikifunguka siku ya pili ya safari, mwenyewe anabaki katikati ya njia, miguu ina vidonda na pesa imekwisha kwenda.

Hakuna kiatu kinachoshinda vingine kila mahali. Watu wengi wanauliza tu: je, kiatu hiki kinazuiya maji? Upande wetu wa Kivu, ambako mvua inanyesha karibu miezi tisa kwa mwaka, maji yataingia siku moja tu. Kwa hiyo kuna maswali mawili ya kuuliza mbele: maji yakiisha kuingia yatatoka namna gani? Na kiatu kikipasuka, nani ataweza kukitengeneza?

Tofauti iko wapi?

Kiatu cha ngozi, mara nyingi ngozi ya ng'ombe, kinadumu kwa sababu ngozi ni nzito na haina mishono mingi. Kinavumilia mawe, miiba na miti iliyokatwa. Kinapovaliwa siku nyingi kinafuata umbo la mguu wa mwenyewe. Ubaya wake ni tatu. Kwanza ni kizito: jozi moja inapita kilo moja, na zingine zinakaribia kilo mbili. Pili, kikiwa kipya kinauma, na kinaomba siku nyingi za kukizoea. Tatu, kikisha kunywa maji, kinakauka polepole sana: siku mbili ao tatu, na zaidi wakati wa mvua.

Kiatu cha kitambaa kinashonwa na nailoni ao poliesta, mara nyingi na vipande vidogo vya ngozi ao kauchu mbele na nyuma. Ni chepesi, kinapitisha hewa, na kinafaa mguu tangu siku ya kwanza. Kikilowana, kinaweza kukauka ndani ya masaa machache kama jua liko. Lakini kina mishono mingi, na kila mshono ni mahali ambapo siku moja kitafunguka. Pale vidole vinapojikunja, kitambaa njo kinatangulia kupasuka.

Uzito si jambo dogo. Kilo moja kwenye miguu inachosha mara kadhaa kuliko kilo ile ile mgongoni, kwa sababu mguu unaiinua kila hatua. Mtu anayetembea saa sita kwa siku anainua miguu maelfu ya mara. Kwa mwenye kubeba mzigo mdogo kwenye njia nzuri, kiatu chepesi ni nguvu iliyochungwa. Kwa mwenye kubeba mzigo mzito kwenye mawe, kiatu kigumu kinasaidia mguu usijikunje vibaya, na uzito wake unajilipa.

Na vile vinavyosemwa havipitishi maji?

Kati ya viatu vya kitambaa, na hata vingine vya ngozi, kuna vile vyenye utando mwembamba wa plastiki ndani. Wazo hilo lilitoka Marekani: mwaka wa 1969 Bob Gore aligundua kwamba plastiki fulani ikivutwa kwa haraka inakuwa na vitundu vidogo sana. Tone la maji haliwezi kupita humo, lakini mvuke wa jasho unapita. Njo maana viatu hivyo vinauzishwa kwa bei ya juu.

Kwenye baridi ya Ulaya utando huo unafanya kazi vizuri. Kwetu kuna mambo matatu ya kujua. Siku ya joto na unyevu, jasho halitoki vizuri, mguu unalowana kutoka ndani. Tena, utando hauzuiye maji yanayoingia kwa juu: ukivuka mto ao ukizama kwenye matope mpaka juu ya kifundo, kiatu kinageuka kuwa ndoo, na kwa sababu maji hayapiti utando, hayana njia ya kutoka. Mwisho, utando unachakaa. Kwenye kiatu cha balo ambacho mwingine alitembea nacho miaka mingi, mara nyingi umekwisha kutoboka pale mguu unapojikunja. Kwa hiyo kuongeza pesa kwa sababu ya alama ya utando kwenye kiatu kilichokwisha valiwa, ni kulipa kitu ambacho pengine hakiko tena.

Angalia njia yako kwanza

Mashariki ya inchi yetu haina njia ya namna moja, na kiatu kinapashwa kuchaguliwa kufuatana na udongo.

Kwenye mawe ya volkano. Goma na teritware ya Nyiragongo vimejengwa juu ya mawe yaliyotoka kwenye mlima. Mawe ya mwaka wa 2002 na yale ya mwezi wa tano 2021 yangali makali kama chupa iliyovunjika. Yanakata kitambaa na kula semele nyembamba. Hapo ngozi nzito, yenye kipande cha kauchu mbele ya vidole, inashinda bila mabishano.

Kwenye udongo wa milima. Masisi, Kalehe, Walungu, Lubero: mvua ikinyesha, udongo unakuwa kama sabuni. Hapo ngozi ao kitambaa ni swali la pili. La kwanza ni meno ya semele. Meno yanapashwa kuwa marefu na yenye nafasi kati yao, ili udongo udondoke wakati wa kutembea. Meno mafupi yaliyokaribiana yanajaa matope, na baada ya hatua kumi mtu anateleza kama aliye na sandali. Semele ya kauchu yenye meno ilienea baada ya mwaka wa 1937, wakati Mwitaliano Vitale Bramani alipoitengeneza, nyuma ya kifo cha rafiki zake sita mlimani mwaka wa 1935. Viatu vyao havikuwafaa kwa hali waliyokutana nayo. Tangu zamani, semele inaweza kuamua kati ya kufika na kutofika.

Kwenye pori na matope. Upande wa Walikale, Shabunda ao Itombwe, kuna njia ambazo maji na matope yanapanda mpaka katikati ya mguu. Huko hakuna ngozi wala kitambaa kinachofaa. Wakaaji wanajua hilo tangu zamani: wanavaa bote za kauchu. Hata kwenye mlima Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kinafika metre 5 109, wapandaji wanapita mabwawa ya matope na bote, na viatu vya mlima wanavichunga kwa ajili ya mawe na barafu ya juu. Lakini bote haishiki kifundo cha mguu, inatokesha jasho, na ikiwa kubwa inaumiza kisigino. Inaomba soseti nzito na ndefu, na kiatu chepesi ndani ya mfuko kwa ajili ya mangaribi.

Kwenye joto na vumbi. Katika bonde la Ruzizi, kati ya Kamanyola na Uvira, mvua ni kidogo kuliko milimani na joto ni kali. Hapo kiatu cha kitambaa kisicho na utando kinatosha, na mguu unapumua.

Kwenye moto. Wengi wanafanya nusu ya safari juu ya pikipiki. Ngozi inayofunika kifundo inasaidia kukinga mguu na bomba la moshi, na pia mawe yanayorushwa na magurudumu. Nailoni, ikigusa bomba la moto, inayeyuka.

Hatari ya balo: semele inayooza bila kutembea

Kuna ajali moja ambayo inashangaza wanunuzi. Mtu ananunua jozi ya viatu vya Ulaya, ngozi inangaa, meno ya semele ni marefu, inaonekana haijatembea. Siku ya pili ya safari semele nzima inadondoka, ao inavunjika vipande kama mkate mkavu. Mara nyingi anamlaani muuzaji, ao anasema kole ilikuwa mbaya.

Sababu ni nyingine. Katika viatu vingi vya mlima, kati ya semele ya chini na mguu kuna tabaka laini la kupunguza mshindo. Mara nyingi tabaka hilo linatengenezwa na poliuretani. Ni kitu kizuri, kinadumu chini ya mzigo, lakini unyevu wa hewa unakivunja polepole, hata kama kiatu kimelala ndani ya sanduku. Baada ya miaka mitano mpaka kumi hivi, kinaweza kuwa kimeoza ndani huku nje kikingali kizuri. Kiatu kilichochungwa muda mrefu bila kuvaliwa hakiponi: kukaa bila kazi hakukikingi. Na kwa sababu viatu vya ngozi vinadumu juu, watu wa Ulaya wanavichunga miaka mingi mbele ya kuvitoa. Njo maana ajali hii inapatikana sana kwenye viatu vizuri vya ngozi.

Mbele ya kulipa, fanya hivi:

– Angalia etiketi ndani ya ulimi wa kiatu. Kwa viatu vingi imeandikwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kikipita miaka kumi, uwe na mashaka.
– Finya tabaka la katikati kwa ukucha wa kidole gumba. Likinata, likitoa unga, ao likibaki na shimo, acha kiatu hicho.
– Kunja kiatu kwa nguvu mara kumi, kisha angalia ubavuni. Ukiona nyufa ndogo ndogo, semele imekwisha kufa.
– Vuta ncha ya semele mbele, pale pa vidole. Isiachane hata kidogo.
– Ukikinunua, tembea nacho mjini juma moja ao mawili mbele ya kukipeleka mbali.

Fundi wa viatu ataweza?

Katika miji yetu na vituo vingi kuna fundi wa viatu mwenye sindano, uzi wa nailoni, kole na vipande vya tairi. Mtu huyo anapashwa kuingia katika hesabu ya bei, kwa sababu kiatu kinachotengenezeka mara tatu ni cha bei ndogo kuliko kinachotupwa.

Ngozi inashoneka. Mshono ukikatika, fundi anafuata matundu ya zamani na kiatu kinaregea kazini. Semele iliyoshonwa inaweza kutoshwa na kubadilishwa. Hata semele ya tairi inaweza kuwekwa, ingawa ni nzito na inateleza kwenye mawe yaliyolowana. Kitambaa ni kigumu zaidi kukitengeneza: kikipasuka pale pa kujikunja, kiraka hakidumu. Na kiatu chenye utando, kila tundu la sindano ni mlango mpya wa maji.

Namna moja ya kutambua: tafuta mstari wa uzi unaozunguka pale ngozi inapokutana na semele. Ukiwa wa kweli, fundi ana mahali pa kushika. Lakini kuna viatu vilivyochorwa mstari wa bandia juu ya kauchu; tazama kama uzi unaingia kweli ndani.

Ngozi ya kweli, ao skai?

Viatu vingi vipya vinavyoitwa vya ngozi ni vya skai, yaani kitambaa kilichopakwa plastiki. Havipumui kama kitambaa, na havidumu kama ngozi: vinachubuka kama ganda la kitunguu. Tazama mahali palipokatwa, kwa mfano ukingo wa ulimi. Ngozi ya kweli inaonyesha nyuzi ndogo zilizochanganyika. Skai inaonyesha kitambaa chini na plastiki juu. Finya na kidole: ngozi inafanya mikunjo midogo isiyolingana. Harufu pekee haitoshi, kwa sababu wengine wanapaka dawa ya harufu.

Maji yakiisha kuingia

Mguu unaokaa ndani ya unyevu siku kadhaa unaharibika, hata kama maji si ya baridi. Ngozi ya unyayo inakuwa nyeupe, inajikunja, inaanza kuuma, kisha inapasuka, na uchafu unaingia. Askari waliokaa kwenye mitaro ya Ulaya wakati wa vita ya 1914-1918 waliteseka sana na ugonjwa huo. Dawa yake ya kwanza ni kuukausha mguu kila usiku na kulala na soseti kavu. Kwa hiyo mwenye kiatu cha ngozi, kinachokauka polepole, anapashwa kubeba jozi mbili ao tatu za soseti. Soseti za pamba zinashika maji. Za sufu ao za nailoni zinafaa zaidi. Mwenye ugonjwa wa sukari asipuuze hata lengelenge dogo: aende kituo cha afya mapema, kwa sababu kidonda chake kinaweza kuwa kikubwa bila yeye kusikia maumivu.

Kukausha kiatu kuna sheria moja: mbali na moto. Viatu vingi vinauawa karibu na mbabula, si njiani. Ngozi inakauka haraka, inapasuka, kole inayeyuka, semele inaachana. Tosha kamba na kile kinachotoka ndani, jaza makaratasi ya gazeti, badilisha makaratasi yakilowana, na weka kiatu kivulini penye upepo.

Kwa ngozi, osha matope na maji bila kusugua sana, acha ikauke, kisha paka siraji ao nta ya nyuki kidogo, zaidi kwenye mishono. Mafuta ya mawese hayafai: yanalegeza ngozi kupita kiasi, yananuka na yanashika vumbi. Kwa kitambaa, osha tu na brosi laini, kwa sababu mchanga ukibaki ndani ya nyuzi unazikata polepole kama msumeno.

Rangi na umbo pia ni usalama

Kwenye meza kuna pia viatu virefu vya askari, vya ngozi nyeusi ao vya kitambaa cha rangi ya mchanga. Ni vigumu, na bei yake inavutia. Lakini katika majimbo yetu, raia mwenye kuvaa kitu kinachofanana na cha askari anaweza kushukiwa na kuulizwa maswali mengi kwenye barieri, hata kuzuiliwa. Mwalimu ao mfanya biashara anayepita sehemu nyingi anafanya vema kuchagua kiatu cha kawaida: kifupi kidogo, rangi ya kahawia ao ya majivu, kisicho na alama ya madoa. Hapo ngozi ao kitambaa havibadilishi kitu. Mwenye kusimamisha anaangalia umbo.

Kujaribisha mbele ya kulipa

Enda sokoni mangaribi, kwa sababu miguu inavimba kidogo mchana. Chukua soseti utakazovaa njiani. Ukiisha kuingiza mguu, sukuma vidole mpaka mbele kabisa: nyuma ya kisigino kidole kimoja kinapashwa kupita. Funga kamba, kisha shuka ngazi ao mteremko. Vidole vikigonga mbele, kiatu ni kidogo, na kwenye mteremko wa lisaa moja kucha zitakuwa nyeusi. Kisigino kikipanda na kushuka, malengelenge yanakungoja. Usikubali maneno ya "kitaregea tu". Ngozi inapanuka kidogo upande, lakini urefu hauongezeki. Kitambaa karibu hakipanuki.

Kwa mwenye pesa ya jozi moja tu

Anayeishi ao kufanya kazi kwenye milima na mawe ya Kivu, karibu na fundi, atafute ngozi ya kweli isiyo na utando, semele iliyoshonwa, meno marefu, na umri ambao ameuhakikisha. Anayetembea kwenye barabara kavu ao bondeni, na mzigo mwepesi, achukue kitambaa kisicho na utando, achunge pesa iliyobaki. Anayeingia porini wakati wa mvua anunue bote, na asione haya.

Na kwa wote: usimalize pesa yote kwenye kiatu. Chunga kidogo kwa ajili ya soseti mbili, kopo la siraji na kazi ya fundi. Mtu aliyenunua kiatu cha bei ya katikati na kubaki na soseti kavu ndani ya mfuko, mara nyingi anamuacha nyuma yule aliyetumia yote kwa kiatu cha bei kali na anatembea na miguu iliyolowana.